Mama Pindo na Wanawake Themanini na Wanne

Mama mkwe wangu alishona sare za shule miaka thelathini na mitano, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikiliza habari za uchumi mpaka mwisho. Mtangazaji akianza tu kutaja asilimia, alinyoosha mkono akazima redio. Alisema asilimia ni namna ya kumwambia mtu ana njaa bila kumtazama usoni. Yeye alikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa pindo.

Pindo la sketi au kaptula ya shule ndilo linaloamua nguo itavaliwa mwaka mmoja au mitatu. Mtoto anarefuka, mama anafumua pindo, nguo inashuka. Mwaka wa neema mama anakuja dukani anasema, "Vidole viwili vinatosha, mwakani nitamshonea nyingine." Mwaka mgumu mama huyohuyo anasema vitatu. Akisema vinne, mama mkwe alikuwa anaweka mkasi chini, anamtazama, kisha anamuuliza kama baba watoto hajambo. Ndipo watu wakamwita Mama Pindo, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Sitaki kumkejeli, maana kipimo chake kilikuwa kinafanya kazi. Kuna mwaka wake za wasimamizi wa kiwanda cha sabuni walikuja mmojammoja, wamependeza, wananukia, na kila mmoja akataka vidole vinne. Wakati huo mdogo wake, ambaye sote tunamwita Meneja ingawa hajawahi kusimamia hata geti, alikuwa yuko mbioni kukopa ili anunue lori la kubebea mizigo ya kiwanda hichohicho. Mama Pindo akamwambia, "Usikope. Kule kuna jambo." Wiki tatu baadaye kiwanda kikapunguza nusu ya wafanyakazi. Tangu siku hiyo Meneja hakununua hata godoro bila kupita kwanza kwa dada yake kuuliza mapindo yanasemaje.

"Watu hawakwambii wanachoogopa," aliniambia mwaka nilioolewa. "Ukimuuliza, atasema hali nzuri, tunashukuru. Lakini mwambie achague pindo, hapo atasema kweli."

Nimeolewa na mwanawe wa pekee, fundi umeme, mtu mpole anayemwogopa mama yake kuliko anavyoogopa nyaya. Mimi nauza dawa. Duka la dawa ninalofanyia kazi liko mitaa miwili kutoka kwa mama mkwe, kwa hiyo saa ya mchana nilikuwa naenda kula kwake, katikati ya vipande vya kitambaa cha bluu. Chumba kilikuwa kimoja: meza ya kukatia, cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, na ukutani misumari iliyoning'inizwa pateni, zile karatasi ngumu za kahawia anazokatia fundi, kila moja imeandikwa saizi yake. Pateni za watoto wadogo ndizo zilizokuwa zinachakaa upesi, kwa sababu ya kazi. Chaki inazila kingo, mkasi unazimega, na kila mwaka anakata nyingine. Nilipoolewa nilimkuta anakata pateni mpya ya saizi ishirini na mbili, ya mtoto wa darasa la kwanza. Miaka minne baadaye ilikuwa bado ileile, kingo zake zimenyooka.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mama Pindo aliliona hilo kabla yangu, na akalipatia maelezo siku hiyohiyo. Ni woga, alisema. Mama mwenye mtoto wa ishirini na mbili ananunua ishirini na sita ili ivaliwe mpaka ipauke. Na kweli, ukisimama nje ya shule mwezi wa kwanza ulikuwa unawaona watoto wenye sketi za kufagia vumbi na mikono ya mashati iliyomeza vidole. Mapindo nayo yalikuwa vidole vinne, na mteja mmoja alitaka vitano. Kwa hiyo maelezo yake hayakuwa ya kipuuzi. Yalikuwa na ushahidi, na ushahidi huo ulikuwa unatembea barabarani.

Lakini tofauti na wengine, woga wa watu haukumtisha. Ulimpa moyo. "Woga una mwisho," alikuwa anasema. "Watoto hawana mwisho. Watu wakificha pesa, wewe jenga. Siku wakizitoa watakukuta umeshapaka rangi." Alisema hivyo mara nyingi hata binti yangu, aliyekuwa na miaka miwili, akawa anarudia "umesapaka langi" akicheza na vifungo.

Alikuwa na sababu ya kutaka kujenga. Macho yalikuwa yanamwacha. Kutunga uzi kwenye sindano kulimchukua dakika tatu, halafu tano, halafu akawa ananisubiri mimi mchana nimtungie sindano sita kwa mpigo, azitumie jioni. Daktari alimwambia aanze kufikiria kupumzika. Kupumzika kwa mtu asiye na pensheni maana yake ni kulishwa, na hilo ndilo neno asilotaka kulisikia. "Sitaki kula mkono wa mtu," alisema. "Hata wa mwanangu. Mtoto akikulisha miaka miwili anaanza kukuuliza jana ulikula nini." Alichokuwa nacho ni kiinua mgongo cha marehemu baba mkwe, kilichowekwa benki kwa muda maalumu, na vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Basi. Hakukuwa na kingine cha kumtunza mpaka siku ya kufa kwake.

Meneja ndiye aliyeleta wazo la chekechea. Barabara ya juu kulikuwa na mwanamke aliyefungua chekechea, na baada ya miaka miwili akanunua gari jeupe. Nimelifikiria sana gari lile. Hakuna aliyemuuliza alilipata kwa mkopo, kwa mume au kwa ada. Watu waliliona likipita tu, na gari hilo peke yake likafungua chekechea nyingine tatu mtaani kwetu. Kila mmoja aliyefungua aliapa kwamba amefanya utafiti.

Mama Pindo yeye alifanya kweli, na hapo ndipo ninapotaka kufika.

Msimu wa kupima sare, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka shule zinapofunguliwa, alinunua daftari. Kila mwanamke aliyeleta mtoto kupimwa aliulizwa swali moja. Futi ya kupimia ikiwa bado iko mabegani kwa mtoto, Mama Pindo aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza rangi ya vifungo: "Na huyu utamwongezea mdogo wake?" Kisha aliandika jibu. Msimu ulipoisha alikuwa amewauliza wanawake themanini na wanne. Sabini na mmoja aliwaandika ndiyo.

Sasa, yeyote aliyelelewa na watu anajua mwanamke anajibu nini akiulizwa swali hilo na mtu mzima. Hasemi hapana. Hasemi nimefunga kizazi. Hasemi tumekaa na mume wangu tukapiga hesabu ya ada na kodi ya nyumba, tukaamua huyu mmoja anatosha. Anacheka kidogo, anatazama pembeni, anasema, "Mungu akijalia, mama." Au anasema, "Tuombee." Ni kama ukiulizwa habari za asubuhi na jino linakuuma, unasema nzuri. Hakuna anayekuita mwongo.

Na wanawake wale niliwajua. Mitaa miwili kutoka pale walikuwa wananijia dirishani. Mwingine alikuja bado ameshika mfuko wa sare aliyotoka kupimia mtoto, akainama karibu na kioo, akataka vidonge vya uzazi wa mpango au akauliza kama sindano ya miezi mitatu ipo. Ilikuwa inaisha haraka kuliko dawa ya kichwa. Bosi wangu alikuwa anaagiza mara mbili kwa mwezi. Si wanawake waliochoka tu. Walikuwa wasichana wa ofisini, mafundi nywele, walimu, wake za watu wenye mshahara mzuri kabisa. Sikuona woga usoni mwao. Walikuwa watu waliofanya uamuzi wao na kwenda zao kazini.

Jumapili moja Mama Pindo alituita kula. Alipomaliza kutupakulia alileta daftari mezani. Meneja alilisoma kwa sauti, akapiga meza.

"Sabini na moja kati ya themanini na nne! Dada, hata benki hawana takwimu kama hizi."

"Hesabu ni hesabu," alisema Mama Pindo, akijizuia asitabasamu. "Hawa wakizaa, baada ya miaka mitatu wote wanahitaji chekechea. Na woga ukiisha watazaa zaidi."

Mume wangu alikuwa anatafuta mfupa kwenye sahani yake, kwa bidii ya mtu aliyepoteza pete. Alijua. Sisi wawili tulikuwa tumeshaamua tangu binti yetu alipotimiza mwaka.

"Mwanangu," Mama Pindo aliniambia mimi, "wewe ndiye uliyesoma, na unakaa na watu kila siku. Unaonaje?"

Ningeweza kusema bila kutaja jina la mtu. Siri za wateja zingebaki salama. Ningesema tu kitu kinachotoka dukani kwetu ni kipi. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kwa upendo, na katika daftari lile, mstari wa nne, na mimi nilikuwemo. Aliniuliza mwezi wa kumi na moja akinipima gauni. Nilikuwa nimemjibu kama wenzangu.

"Ni wazo zuri, mama," nilisema. "Mungu akijalia."

Njiani kurudi nyumbani nilimwambia mume wangu tumefanya vibaya. Akasema, "Kwa nini umvunje moyo mama? Huenda ikaenda vizuri tu." Nilikubali upesi, kwa sababu nilitaka kukubali. Nilimwogopa mama mkwe, huo ndio ukweli, na woga huo haukuwa na pindo la kuupimia.

Akavunja akiba ya benki. Akauza vile vyumba viwili. Yeye na Meneja walikodi nyumba kubwa yenye uwanja, kodi ya miaka mitano imelipwa mbele kwa sababu mwenye nyumba alisema kuna watu wengine watatu wanaitaka kwa ajili ya chekechea, na kweli walikuwepo. Wakapaka rangi ya njano na kijani. Wakatengeneza masinki ya kufika kiunoni mwangu na viti sitini vya miguu mifupi. Meneja alipewa ofisi na hatimaye akawa na kitu cha kusimamia.

Siku ya kwanza walikuja watoto tisa. Mmoja alikuwa wetu.

"Woga," alisema Mama Pindo. "Subirini."

Mwaka wa pili walikuwa kumi na wanne, lakini watano kati yao walitoka kwenye chekechea iliyofungwa upande wa pili. Zile zilizobaki zilikuwa zinagombea watoto walewale. Mmoja alitoa uji bure. Mwingine alitoa gari la kuwachukua mlangoni. Wa tatu alianzisha mahafali, na watoto wa miaka minne wakavishwa majoho na kofia za wasomi, wakapewa vyeti vya kujua kuimba. Majoho yalishonwa na Mama Pindo. Aliikubali kazi ya mshindani wake bila kinyongo. Alisema riziki haiulizi imetoka wapi. Nilimtungia sindano kumi na mbili kwa ajili ya kazi hiyo. Ada zilishuka mara mbili mwaka ule, kisha mwalimu mmoja akaondoka.

Hakuonekana kuhangaika. Kila jioni alimpa Meneja moyo, na kila Meneja alipoanza kusema tuuze viti, tumrudishie mwenye nyumba, alimkumbusha lile lori. "Nilikudanganya?" Meneja aliacha habari ya viti. Ukishapatia mara moja mbele ya watu, ni vigumu watu kukuambia umekosea, na wewe mwenyewe ni vigumu zaidi.

Kisha mwaka wa tatu mapindo yakafupika.

Niliona furaha yake msimu ule na sitaisahau. Mama wa kwanza akasema vidole viwili. Wa pili, viwili. Akaja mmoja, mke wa karani, akasema, "Kimoja tu, mama, na nataka kile kitambaa kizuri." Watoto walikuja na mabegi mapya na viatu vya kung'aa. Wengine walishonewa sare tatu kwa mpigo. Mchana nilipoingia, Mama Pindo alinishika mikono yote miwili. "Si nilisema? Umeisha! Woga umeisha!" Alimtuma Meneja akapake rangi upya mlango wa darasa la pili, ambalo lilikuwa halijawahi kufunguliwa.

Siku ya kufungua alifunga duka la ushonaji, jambo ambalo hakuwahi kufanya mwezi wa kwanza, akaenda kusimama getini tangu saa moja. Saa nne walikuwa wamefika watoto kumi na mmoja. Walikuwa wamependeza sana. Kila mmoja aliletwa na mama yake na baba yake, na wengine na babu na bibi juu, watu wazima wanne kumsindikiza mtoto mmoja.

Wiki hiyo mwalimu mkuu wa shule ya msingi alipita dukani kuchukua suruali yake. Zamani alikuwa anaagiza sare za bendi, kwa hiyo walizoeana. Mama Pindo akamuuliza watoto wamehamia wapi.

"Hawajahamia, mama," alisema mwalimu mkuu. "Nilipofika pale nilikuwa na mikondo mitatu ya darasa la kwanza. Mwaka huu nina mmoja. Madawati nimeyafungia stoo. Niliuliza shule zote za jirani nikidhani wamekwenda huko, na walimu wenzangu nao walikuwa wanauliza kwangu. Hawako popote. Hawakuzaliwa."

Nilikuwepo, natunga uzi. Mama Pindo alikunja suruali, akaitia kwenye mfuko, akampa chenji yake sawasawa. Mwalimu mkuu alipotoka, aliketi akatazama ukutani zilipo pateni. Mimi niliendelea kutunga uzi.

Chekechea ilifungwa mwezi wa nne. Mwenye nyumba hakurudisha kodi ya miaka iliyobaki, mkataba ulimlinda. Meneja alipata kazi ya kuuza vifaa vya ujenzi, na nasikia anafanya vizuri. Siku ya kutoa vitu nilichukua ruhusa kazini nikaenda kusaidia. Mume wangu na Meneja walikuwa nje wanapakia mkokoteni. Ndani, Mama Pindo alikuwa ameketi kwenye kiti kimojawapo cha watoto, magoti yamemfika kifuani, anafuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

"Wale wanawake wangu," aliniuliza bila kugeuka, "walikuwa wanakuja kwako?"

"Walikuwa wanakuja, mama."

"Wengi?"

"Wengi."

Aliendelea kufuta. "Unajua mimi nilizaa mmoja tu. Mama mkwe wangu aliniuliza kila mwaka, miaka kumi na tisa, mbele za watu. Na mimi nilijibu hivyohivyo, Mungu akijalia. Lakini nilikuwa naomba. Kila nikilisema neno lile nilikuwa naomba kweli." Akaweka kitambaa chini. "Sikujua mtu anaweza kulisema tu."

Nilishika kiti nikakiweka juu ya kingine.

"Na wewe? Siku ile nakupima gauni?"

"Nilikuwa nimeshachomwa sindano, mama. Tulikuwa tumeshaamua."

"Na ile Jumapili ulijua yote."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakasirika."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu ule ambao daktari alikuwa ameusema, na sidhani kama aliniona vizuri.

"Ningekasirika," alisema. "Ningenuna siku mbili. Siku ya tatu ningekuja mwenyewe kwako kuomba chumvi." Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka, maana kile kiti kilikuwa chini mno kwa mtu wa umri wake. Nilimwinua. Hakuuachia mkono wangu mara moja. "Haya, twende nyumbani kwako," alisema. "Leo mnakula nini?"